Marehemu Alikuwa Kaunta Akichagua Sufuria

Mume wangu aliniita dada.

Sikusikia vibaya. Mwanaume niliyemzalia watoto wawili alisimama mbele yangu ndani ya duka la vyombo, akanitazama usoni, akasema, "Asante sana dada kwa kumsaidia mchumba wangu."

Halafu akaongeza...

"Na asante kwa kumlilia marehemu mke wangu."

Nilikuwa nimeshika mfuniko wa sufuria. Machozi ya kumlilia huyo marehemu yalikuwa bado hayajakauka shavuni.

Marehemu mwenyewe ni mimi.

Nyie mnaonisoma, kaeni vizuri. Leo simung'unyi maneno.

Wengi hapa mnanijua kwa jina la Mama Sufuria. Kwa mgeni, kazi yangu ni hii: una pesa ya kawaida, unataka sufuria za stenlesi, zile zisizoshika kutu, lakini ukiingia dukani unaona zote zinang'aa sawasawa. Unanipigia simu. Tunaenda wote, nakutenganishia chuma na mapambo. Mwenye duka ananitoa na changu kidogo, wewe unaondoka na chombo ambacho hata wajukuu watakipikia.

Ila kuna kitu sikuwahi kukiposti.

Jikoni kwangu hakukuwa na stenlesi hata moja.

Nilikuwa na masufuria mepesi yaliyong'oka mikono, nayaepua kwa kitambaa. Lile kubwa lilibonyea kitako, ukiliweka mezani linayumba kama limelewa. Picha zote mnazozipenda humu nilikuwa nazipigia dukani.

Siyo kwamba sikutaka. Nikitenga kitu, ada inaita. Nikitenga tena, kodi inaita. Nikijaribu mara nyingine, mume wangu anakuja na shida ya kazini.

Yeye ni fundi wa viyoyozi. Anazunguka kufunga mashine kwenye maofisi na mahoteli, analala huko huko kazini siku kadhaa, anarudi na vumbi na uchovu. Nilikuwa namhurumia jamani. Nikimwambia, "Baba, walau sufuria moja ya maana," jibu lake lilikuwa lile lile.

"Sufuria ni sufuria. Chakula hakijui kimepikiwa kwenye nini."

Nanyamaza.

Mimi huyu ninayewatoa jasho wauza vyombo mtaa mzima, nikifika kwangu nanyamaza. Nilijiambia ndiyo ndoa.

Sasa sikilizeni.

Siku moja ikaingia simu ya namba nisiyoijua.

"Samahani, ni Mama Sufuria?"

"Ndiye. Karibu."

"Dada, mimi ni msusi. Nataka stenlesi nzuri, lakini zisiniumize. Naanza maisha."

Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani yake, ile ya mtu ambaye mambo yake yamekaa vizuri. Sikumuuliza namba yangu kaipata wapi. Wengi wananipata mtandaoni, nikajua naye ni wa huko huko. Tukapanga siku.

Siku yenyewe ilipofika, asubuhi nilimpigia pasi mume wangu shati la buluu. Alisema anasafiri, kuna hoteli inamsubiri. Akanywa chai, akawabusu watoto, akaniambia nisimpigie mchana maana atakuwa juu ya paa.

Nikamwambia, "Safari njema, baba."

Nikaenda zangu kazini.

Lile duka ninalolipenda liko kona ya mtaa, jembamba kama korido. Rafu zinapanda mpaka dari. Mwenye duka ni mzee mmoja mwenye tumbo na maneno machache, anakaa nyuma ya kaunta ya kioo na redio yake. Yeye ukimgongea sufuria hakasiriki, ndiyo maana naheshimiana naye.

Msusi akaja. Mwanamke mzuri, nywele zimesukwa zikasukika, mtulivu. Akanisalimia kwa mikono miwili. Nikampenda hapo hapo, na nawaambia ukweli, mpaka leo simchukii.

Moja kwa moja akakimbilia lile boksi kubwa la mbele. Seti ya masufuria chungu nzima, mikono ya rangi ya dhahabu, mifuniko ya kioo.

"Dada, hii. Na wamepunguza bei."

"Weka chini."

"Kwa nini? Si stenlesi?"

"Ni stenlesi ndiyo. Inyanyue kwa kidole kimoja."

Akainyanyua. Ikanyanyuka kama karatasi.

"Umeona? Hiyo ukibandika, moto unakamata pale katikati tu. Wali unaungua chini, juu mbichi. Na humo ndani kuna vidude utachemshia yai moja maisha yako yote. Seti kubwa zinajaza kabati, hazijazi tumbo."

Akacheka. Mwenye duka naye akatabasamu kidogo, maana ile seti alikuwa anataka iondoke.

Nikamfundisha kama ninavyowafundisha nyie. Geuza chombo, angalia kitako. Kiwe kinene, uone ule mstari wa tabaka pembeni, maana katikati wanaweka alumini ya kusambaza moto. Weka juu ya kioo cha kaunta, sukuma kwa kidole. Kikiyumba, rudisha. Pitisha kidole ukingoni, usikwaruze. Vuta mkono, angalia kama umeshikwa kwa ribiti, ile misumari minene ya chuma, au umebandikwa ili mradi. Watu wanakuja na sumaku mfukoni, sawa, lakini sumaku peke yake inadanganya, maana kuna kitako kizuri kinaivuta na kibaya nacho kinaivuta.

"Chukua vitatu vya maana," nikamwambia. "Sufuria kubwa, ya kati, na kikaangio. Vingine utaongeza pole pole. Hapo bei haikuumizi na chombo hakikuangushi."

"Bei isikusumbue sana, dada. Mchumba wangu amesema nichague zozote. Anakuja kulipa mwenyewe."

"Huyo ni mwanaume," nikasema.

Akainamisha macho.

"Ana sababu yake. Alifiwa na mke."

Nikaacha kugonga sufuria.

"Pole yake jamani."

"Aliugua ghafla tu. Kamuachia watoto wawili, wako kwa bibi yao mzaa mama. Anasema mkewe alikuwa mpole, hakuwahi kudai kitu. Kitu kimoja tu alikuwa anakiomba kila siku... sufuria nzuri. Akawa anamwahirisha, anamwahirisha, mpaka Mungu akamchukua. Alikuwa anapikia masufuria yaliyong'oka mikono, dada. Anaepua kwa kitambaa. Kwa hiyo kaniambia, wewe sitaki upikie vitu vile. Chagua uzitakazo."

Nyie.

Sijui niwaelezeje. Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya rafu ya vikaangio. Niliwaza huyo mwanamke, kafa na hamu ya kitu kidogo hivyo. Nikawaza na mimi, na masufuria yangu ya kuyumba. Nikajiambia kumbe tuko wengi.

Hata machale hayakunicheza. Mtaniuliza, watoto wawili, kitambaa, masufuria yaliyong'oka, hukushtuka? Sikushtuka. Mtu akikusimulia habari za marehemu, huanzi kujihesabu wewe. Na hiyo "mpole, hakuwahi kudai kitu" ndiyo ilinipoteza kabisa, maana mimi nilikuwa nadai kila wiki.

"Huyo mchumba wako anafanya kazi gani?" nikauliza huku najifuta.

"Kazi zake ni za kusafirisafiri."

"Wote wanasafiri," nikasema, tukacheka kidogo ili tuuondoe ule uzito.

Tukapanga vyombo juu ya kaunta. Kikaangio, sufuria ya kati, ile kubwa. Vilikuwa vizuri, nawaambia. Vile vile ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa navitazama kila nikija.

Msusi akapiga simu. "Tumemaliza mpenzi. Ingia."

Alikuwa nje tu, kwenye gari la kukodi.

Nikasikia viatu. Nikageuka na mfuniko mkononi.

Shati la buluu.

Kama mnataka kujua moyo ukisimama unakuwaje, hausimami. Unaenda mbio mpaka masikio yanaziba. Nilimuona akiniona. Niliona rangi inamtoka usoni, mguu wake mmoja ukarudi nyuma kama anataka kukimbia. Msusi hakuona, alikuwa ameshamdaka mkono.

"Huyu ndiye dada niliyekuambia ananisaidia. Halafu ana roho... nimemsimulia habari za mke wako, amelia."

Hapo ndipo alipoamua.

Nilimjua vizuri, nilimuona akiamua. Alinitazama kwa yale macho anayonitazama nayo nyumbani nikitaka kuongea mbele ya wageni. Macho ya kuniambia, tulia, tutaongea baadaye. Alikuwa na uhakika kwamba nitanyamaza.

Akaniita dada. Akanishukuru.

Nikauweka mfuniko juu ya kioo, taratibu.

"Pole kwa msiba, kaka," nikasema.

"Nimeshapoa."

"Alifariki lini?"

"Ni... muda kidogo."

"Mlimzika wapi?"

"Kwao." Jasho limeanza kumtiririka. "Mpenzi, tulipe twende, gari linasubiri."

"Dakika moja tu kaka. Shati zuri hilo. Nani kakupigia pasi?"

"Nimepiga mwenyewe."

"Mbona chini ya kola pana mkunjo, upande wa kushoto? Kama mtu alikuwa anapiga pasi, mtoto akamwita chooni, akarudi akasahau pale."

Msusi akafunua kola. Aliifunua akitabasamu, anadhani natania. Mkunjo ulikuwepo.

Tabasamu likaanza kumwisha.

Nikatoa simu yangu.  Nikapiga.

Mfuko wa suruali ya mume wangu ukaanza kuita.

Akatia mkono mfukoni aizime simu, msusi akamuwahi. Akaitoa, akaitazama ile skrini. Akanitazama mimi na simu yangu sikioni. Akaitazama tena.

"Fundi Bomba," akasoma.

Mwenye duka akazima redio.

"Huyu Fundi Bomba anakupigia kila jioni," msusi akasema, pole pole, kama anajisemea. "Ulisema bomba la kwa mama yako linavuja."



"Pokea," nikamwambia. "Umsikie marehemu."

Hakupokea. Alivuta boksi, akakaa. Alikuwa na pete kidoleni, ndogo, nzuri. Akaivua. Akanyoosha mkono akaiachia ndani ya sufuria kubwa, ile tuliyoichagua. Haikulia hata. Kitako kilikuwa kinene.

Mume wangu akapata sauti.

"Mama watoto, hapa si mahali pake. Twende nyumbani tukaongee."

"Nyumbani kwa nani? Mimi si nimezikwa kwetu?"

"Unanidhalilisha mbele za watu."

"Wewe umeniua mbele za watu, na mimi sijakasirika. Nimeuliza tu kaburi liko wapi."

Wateja wawili waliokuwa wanaangalia vikombe waliacha kujifanya wanaangalia vikombe.

Akageuka kwa msusi, akaanza ile sauti yake ya asali. Kwamba mimi na yeye tulishaachana kimoyo. Kwamba alitafuta namna ya kumwambia. Kwamba neno kufa alilisema kwa maana ya kwamba mapenzi yalikufa.

Msusi akainua uso.

"Nilimwombea," akasema. "Kila nikilala. Nilikuwa namwombea huyu dada apumzike kwa amani, akiwa hai, anapika, anakupigia pasi. Umenifanya nimwombee mtu kifo."

 

Mwanaume akataka kutoka. Nikamzuia kwa neno moja.

"Lipa."

"Nini?"

"Sufuria. Si ulisema mkeo alikuwa anaziomba? Yupo hapa kaunta. Anasubiri."

"Hizo ni za..." akamwangalia msusi.

"Mimi sizitaki," msusi akasema.

"Mimi nazitaka," nikasema mimi. "Marehemu ameacha watoto. Watoto wanakula."

Mtanisema. Najua wapo watakaosema ningezisusa, ningemtupia, ningetoka na heshima yangu mikono mitupu. Heshima gani? Ya kurudi kuepua ugali kwa kitambaa? Kila senti aliyokuja kuimwaga pale ilitoka kwenye nyumba niliyokuwa naibeba mimi, akiniletea hadithi za mishahara iliyochelewa. Nisuse kwa lipi?

Mwenye duka akasafisha koo.

"Kaka, nifunge mzigo au nisifunge?"

Watu wote wanamwangalia. Akalipa.  Akachukua simu yake, akatoka bila kuaga, na lile gari la kukodi tukalisikia likiondoka kwa fujo.

Nikabeba boksi langu. Lilikuwa zito, zito la raha. Msusi akashika upande wa pili bila kuombwa. Tukatoka nalo mpaka kibarazani, tukakaa juu ya ngazi kama watu waliotoka kufanya kazi ngumu.

"Dada, naapa sikujua," akasema.

"Najua hukujua."

"Kama kuna aliyejua, angeniambia. Hata mama yake..."

Akakatika. Akanigeukia, macho yamemtoka.

"Dada. Unajua namba yako kanipa nani?"

"Si mtandaoni?"

"Mimi hata ukurasa wako siujui. Namba nilipewa na mama yake."

Hapo ndipo nilipohisi baridi.

Maana mama mkwe wangu na mimi hatukuwa watu wa kupeana namba. Tangu naolewa, yule mama hajawahi kunisifia hata maji ya kunywa. Mbele ya ndugu zake ananisema wazi: mke gani anashinda madukani anagonga vitako vya sufuria. Tukikaa dakika kumi tumekwaruzana. Kama kuna mtu ningebashiri anafurahia mimi kufa, ni yeye.

Msusi akanisimulia. Alipelekwa kutambulishwa. Mama akamkaribisha, akaongea maneno machache mno. Wakati wa kuondoka, mwanaume akatangulia kuita usafiri, mama akamshika msusi mkono mlangoni.

"Aliniambia, andika namba hii. Kabla hujaingia kwenye nyumba yoyote, nunua sufuria kwa huyu. Usimwambie mwanangu ni nani anayekusaidia. Na siku hiyo aje abebe mwenyewe, asitume mtu. Nilidhani ni mambo ya wazee tu."

Nilimshukuru.  Tukaagana, akaenda upande wake, mimi upande wangu. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda na boksi langu mpaka kwa mama mkwe.

Nilimkuta sebuleni anakunja nguo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu bila kuinua kichwa. "Umeshafufuka?"

Nikakaa.

"Mama, ulikuwa unajua."

"Nilijua. Alitangulia kuja peke yake, akapiga magoti hapo ulipokaa. Ananiomba nikiulizwa niseme umekufa. Mimi, mtu mzima."

"Ukasema?"

"Binti wa watu aliponiuliza marehemu alikuwaje, niliinuka nikaenda kutazama chai. Nilizaa mtoto, sikuzaa kaburi. Siwezi kumfukia mtu mwenye pumzi zake. Hata kama ni wewe."

"Hata kama ni mimi?"

"Hata kama ni wewe."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikapata hasira badala yake.

"Kwa nini hukuniambia mama? Umeniacha nikavuliwa nguo dukani, wateja wananitazama."

Akaweka nguo chini.

"Ningekuambia nini? Mimi na wewe tukisalimiana majirani wanafunga madirisha. Ungesema mama mkwe kaleta fitina avunje nyumba ya watu. Ungemuuliza mumeo, angekuimbia, ungemuamini yeye. Uongo?"

 Haukuwa uongo. Ningempigia simu mume wangu nimwambie mama yako kaanza tena.

"Nilitaka akutwe mbele ya macho yako, asiwe na pa kupenya," akasema. "Ila hilo la kukuaibisha... pole."

Nyie, hilo neno sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Halafu akainuka, akalifungua lile boksi langu bila ruhusa. Akageuza sufuria kubwa, akagonga kitako kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Hii ni chuma," akasema. "Twende. Lazima mumeo atakuwa ameshafika kwako na mtu wa kumsemea."

Na kweli. Jioni ile mume wangu alikuwa sebuleni kwangu na baba yake mdogo, mtu wa suti na suluhu. Baba mdogo akaanza kwa kunipongeza kwa busara ambayo sijaionyesha bado.

"Mwanangu, mambo ya ndani yaishe ndani. Amekosa, ameona. Wewe tulia, watoto wasijue, watu wasijue."

"Baba mdogo," nikasema, "naomba unijibu kitu kimoja. Huyu angemuoa yule binti, watoto wangu siku wakikutana naye, wangeambiwa mama yao yuko wapi?"

Akaangalia viatu vyake.

"Wangekuwa yatima nikiwa jikoni," nikasema. "Halafu mnaniambia nitulie."

Mume wangu akasema nimezidi, nakuza mambo. Ndipo mama yake, aliyekuwa kimya mlangoni, akavuka sebule. Akampita mwanawe. Akampita shemeji yake. Akaja kukaa kwenye kochi langu, ubavuni kwangu, tukabanana.

"Endelea," akaniambia. "Nimekuja kusikiliza."

Nikaendelea. Niliongea yote niliyokuwa nayameza tangu siku ya kwanza. Nilipomaliza, mume wangu aliondoka na begi la spana zake na nguo chache. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Watoto anawaona, sijamzuia, ni baba yao. Mimi hanioni.

Msusi ana saluni yake, anaendelea. Siyo kwamba tumekuwa mashosti wa kushinda wote, kuna kitu tukitazamana kinauma. Lakini tunajuliana hali. Mama mkwe anakuja kwangu, anapika, anaisema chumvi yangu, anaondoka. Tunagombana kama kawaida.

Sasa ninachotaka mkichukue ni hiki, hasa nyie wanawake wenzangu mnaoniandikia inbox kwa siri.

Yule mwanaume hakuanza kunizika siku aliyomwambia msusi nimekufa. Alianza siku ya kwanza nilipoomba kitu, akanijibu hovyo, nikanyamaza. Akaona inawezekana. Akaongeza. Mpaka siku akasimama mbele ya uso wangu na kunishukuru kwa kulilia kifo changu, akiwa na uhakika kwamba nitanyamaza. Ongea mapema. Ongea sauti ikitetemeka, ongea ukikosea maneno, lakini usimpe mtu nafasi ya kuzoea kimya chako.

Na mwangalie vizuri yule anayekugombeza. Kwangu mimi, mwenye maneno matamu ndiye aliyenichimbia shimo. Mwenye maneno makali ndiye aliyekataa kushika koleo.

Jana baba mdogo kanipigia tena. Kasikia naandika. Anasema ukoo unaaibika, nifute hii posti kabla sijairusha.

Nimemjibu kwa adabu zote.

Baba mdogo, mwanenu alishanifuta mimi mzima mzima na hakuna aliyepiga simu. Posti inabaki. Na mimi nabaki.